Miaka Minne kwa Watu wa Mwakani

Siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani. Ahsanteni sana. Mtu aliyeishi maisha yake yote kwa kengele ya vipindi mmempa chombo cha kumkumbusha kwamba sasa hana kipindi. Nimeitundika jikoni, inanisaidia kuchemsha mayai. Kisha mkaniomba niandike machache kuhusu kazi ya kuwapangia wasichana masomo yao ya sekondari, ili msinisumbue kwa simu kila masomo mawili yakigongana. Basi naandika. Vyeo na mishahara nimeviweka kando, maana hivyo vya kwanza vilinipita, na hiyo ya pili mnaijua wenyewe.

Nilifika Riyadh mafuta yakiwa yamepanda bei na mji mzima umegeuka kiwanja cha ujenzi. Shule za binafsi zilifunguliwa kama maduka ya simu, na kila moja ilitafuta walimu popote walipopatikana. Mimi nilipatikana Mombasa, nikapewa mkataba wa kufundisha hisabati katika sehemu ya wasichana ya shule iliyofuata mtaala wa Kimarekani. Nilitua Alhamisi. Nikajisemea, nitapumzika, nifue, nipige pasi, na Jumatatu niingie kazini kama mtu. Jumamosi asubuhi mlango wangu wa bweni la walimu ukagongwa mpaka bawaba zikalia. Nje alisimama mama mfupi mnene, miwani imening'inia kifuani.

"Weye ndo mwalimu mpya wa hisabati?"

"Ndiyo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Sasa mbona umelala siku ya kazi? Darasa zima linakungoja."

Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba siku hizo wiki ya huko ilianza Jumamosi na kuisha Jumatano. Nilivaa abaya niliyoinunua bila kuijaribu, ikanizidi kimo, nikaingia darasani nikiikanyaga. Somo langu la kwanza ugenini lilikuwa la namna ya kuanguka mbele ya wasichana darasa zima. Walicheka kwa adabu, wakaniokotea chaki.

Huyo mama ndiye Bi Asya, na kama kuna chochote mlichonisifia katika kazi hii, basi sifa hizo ni zake. Alikuwa Mzanzibari, wazazi wake walihamia huko baada ya mapinduzi, yeye akiwa mtoto wa kubebwa. Alikuwa mshauri wa masomo wa shule. Kazi yake ilikuwa kumchukua msichana anayeingia darasa la tisa na kumpangia miaka minne hadi la kumi na mbili, asome nini, kwa mpangilio upi, ili siku ya mwisho awe na vitu viwili mkononi: krediti za kutosha kupata cheti cha shule, na masomo ambayo chuo anachokitaka kitayataka. Kila somo la mwaka lilikuwa krediti moja. Hesabu yenyewe ndogo tu. Balaa lilikuwa katika mpangilio.

Bi Asya alikuwa anataka msaidizi, na kwa kuwa nilifundisha hisabati, ilidhaniwa ninaweza kupanga chochote. Nyinyi mna kompyuta inayowaka nyekundu mkikosea. Sisi tulikuwa na ubao wa mbao wenye misumari na kadi za rangi: za kijani za sayansi, za buluu za hisabati, za njano za lugha, na nyeupe za masomo ya kuchagua, kama upishi, biashara na kuchora. Msichana mmoja alikuwa na safu nne za misumari, mwaka mmoja safu moja. Bi Asya alipanga huku anakula sambusa, hata ukiona kadi ya biolojia yenye doa la mafuta ulijua amemaliza kumfikiria mtoto huyo.

Alikaa mtaa wa Manfuha, katika nyumba kuukuu ambayo wanawe walimsihi aihame na yeye akawaambia wahame wao. Baadhi ya Alhamisi alinialika huko, na baada ya kula alinifunza kazi kwa kunisuta. Siku ya kwanza nilianza kuzitundika kadi kutoka darasa la tisa. Akanishika mkono.

"Unakwenda wapi?"

"Naanza mwanzo, Bi Asya."

"Mwanzo ndo wapi? Anza kwa kutoka, mwanangu. Mtundikie mwaka wa nne kwanza, kile anachotaka kutoka nacho. Halafu rudi nyuma, uone kila kitu kinadai nini kabla yake."

Basi ndiyo kanuni yenyewe, na bado sijaiona ya kuishinda. Kemia ya pili inadai kemia ya kwanza. Hisabati ya juu inadai aljebra ya pili, nayo inadai jiometri, nayo inadai aljebra ya kwanza. Ukikosa aljebra ya kwanza katika darasa la tisa, mnyororo wote umelegea, na hakuna atakayeligundua hilo mpaka darasa la kumi na mbili, siku ambayo machozi hayasaidii.

Kitu cha pili alichonifunza ni kutomuuliza mtoto anataka kuwa nani. Wakati ule wa mafuta kila baba alitaka mwanawe awe mhandisi wa petroli, hata yule ambaye mtoto wake aliogopa kuwasha jiko la gesi. Ukimuuliza msichana, anakujibu jibu la baba yake. Bi Asya aliwauliza hivi: "Jumamosi asubuhi, bado unataka kulala, ni kitu gani ukiambiwa kipo shuleni utaamka?" Mmoja alijibu, "Chapati za kantini." Bi Asya hakucheka. Alimtundikia kadi ya upishi, akamwambia, "Umesema kweli, na wachache wanasema kweli hapa." Mtoto huyo sasa ana mkahawa wake, na nikienda kwake nalipa nusu.

Baadaye shule ilifungua tawi Jeddah, nikapelekwa kuwa mshauri peke yangu. Bi Asya aliniaga kwa kunipa ubao wake wa zamani, maana alikuwa anatengenezewa mwingine, na akaniambia nisipofanya vizuri nisimtaje. Nilipanga chumba mtaa wa Bani Malik, katika jengo lililojaa watu wa pwani, ghorofa hii Lamu, ile Tanga, chini Wasudani. Hapo ndipo nilipokutana na mtihani ambao Bi Asya hakunifunza, kwa sababu yeye alikuwa amezika wazazi wake Riyadh na hakuwa na mahali pengine pa kurudi. Nilikutana na watu wa mwakani.

Wengi wenu mnawajua, na baadhi yenu ndio wao. Mtu wa mwakani ameishi Jeddah miaka na miaka, ila haishi Jeddah. Mwakani anarudi nyumbani kabisa. Masanduku yake yako juu ya kabati, hayajapata kushushwa. Zulia lake jipya lina nailoni mpaka leo, kwa kuwa litatandikwa Mombasa. Televisheni kubwa iko ndani ya boksi, na familia inatazama ile ndogo yenye mistari. Hanunui kitanda cha maana, kwani nani atakibeba? Nami nisijitoe, friji yangu ilikuwa ya kimo cha kiti. Niliinunua hivyo mwaka wa kwanza kwa sababu sikutaka hasara nikiondoka, na nikainamia maziwa mpaka mgongo ukapinda.

Sasa mpangie mtu wa namna hiyo miaka minne.

Baba Rukia alikaa ghorofa iliyo juu yangu. Alikuwa karani katika kampuni ndogo ya kuondoa mizigo Bandari ya Jeddah, na siku nzima alitazama vitu vya watu wengine vikisafiri. Alikuwa mpole, msafi, mwenye kofia ya vito aliyoipiga pasi mwenyewe, na alinyooka kama mtu anayengoja kupigwa picha. Nyumba yake ya Mombasa ilikuwa imebakia paa tu. Nilipohamia jengo lile ilikuwa imebakia paa. Binti yake Rukia, aliyezaliwa Jeddah, alipoingia darasa la tisa kwetu, nyumba ilikuwa bado imebakia paa, ingawa sasa lilikuwa paa la aina nyingine, maana yale mabati ya kwanza yalikwisha kupitwa na wakati.

Nilipanda kwao na karatasi yangu. Mama Rukia aliniletea chai na kaimati, mumewe akaisoma karatasi kwa makini ya kikarani, juu hadi chini.

"Hii aljebra ya kwanza. Yaonyesha kuna ya pili."

"Ipo, baada ya jiometri."

"Sasa Mwalimu, mwakani sisi twarudi. Yafaa nini kumuanzishia mtoto kitu ataachia njiani? Mpe masomo yanoisha mwaka huu huu. Hili la upishi laisha?"

"Linaisha."

"Biashara?"

"Nalo linaisha."

"Basi mpe hayo. Na kompyuta. Na Kiarabu, kila kitabu chaisha chenyewe."

Nikajaribu kumweleza habari ya mnyororo. Akanisikiliza vizuri sana, kama mtu anayesikiliza matatizo ya jirani. Kisha akanionyesha vitabu vya kidato cha pili alivyoagiza kutoka Mombasa, ili Rukia asipate taabu wakirudi. Mtoto akasoma mitaala miwili, huu wa mchana na ule wa jioni, na hakuna hata mmoja aliousoma kwa kwenda mbele. Mwaka ukaisha. Rukia akapata alama nzuri mno za upishi.

Darasa la kumi nikapanda tena.

"Baba Rukia, naona bado tuko pamoja."

"Ah, Mwalimu, fundi alituangusha. Ila mwakani, inshallah, halas, yamekwisha."

Safari hii nilijikaza. Nilimwambia kwamba aljebra ya kwanza inaisha, kwa maana kitabu kina ukurasa wa mwisho, na biolojia vivyo hivyo. Akaukagua ukurasa wa mwisho, akaniruhusu. Zile nafasi nyingine akazijaza kwa kuchora, kushona na biashara ya pili, ambayo kumbe hakujua kwamba nayo ina ya kwanza, lakini hiyo Rukia alikwisha kuimaliza. Wenzangu pale shuleni walimwita Rukia "mwari", kwa kuwa alikuwa anafundwa kila kitu cha nyumbani. Mimi nilicheka nao, ila nilipozitazama safu zake ubaoni, karibu zote kadi nyeupe, moyo uliniuma.

Mwisho wa mwaka huo Rukia alikuja ofisini kwangu peke yake. Alikuwa mtoto wa maneno machache, mwenye tabia ya kupangusa meza kwa mkono kabla ya kuiegemea.

"Mwalimu, hujaniuliza lile swali lako la Jumamosi."

Kweli sikuwa nimemuuliza. Nilikuwa nimeshughulika na baba mtu tu.

"Haya, Jumamosi asubuhi, usingizi umekushika. Nini kitakuamsha?"

"Dawa."

Akanieleza. Katika jengo letu watu wengi wa pwani hawakuweza kusoma Kiarabu cha kwenye maboksi ya dawa. Tangu utotoni mwake walikuwa wanamwita Rukia awasomee. Bibi wa Lamu ana vidonge vya presha, anameza vingapi? Mtoto wa Tanga ana homa, dawa hii anywe kabla ya chakula au baada? Alikuwa anasoma, anawaeleza, kisha anashuka kwa mfamasia Msudani wa chini kuuliza kwa nini. Mfamasia alichoka kujibu, akamwambia akasomee mwenyewe. Rukia alikuwa amekwisha kukipata chuo cha Nairobi kilichovikubali vyeti vya mtaala wetu. Kilitaka biolojia, kemia ya kwanza na ya pili, na hisabati ya juu.

"Biolojia ninayo," akasema. "Vingine sina. Nimechelewa?"

Niligeukia ubao, nikaanza kwa kutoka kama nilivyofunzwa. Darasa la kumi na mbili, kemia ya pili na hisabati ya juu. Darasa la kumi na moja, kemia ya kwanza, na jiometri pamoja na aljebra ya pili mwaka mmoja, kitu ambacho shule iliruhusu kwa shingo upande. Iliwezekana. Lakini hakukuwa na nafasi ya mwaka hata mmoja wa kuchezea, na ilimlazimu baba yake akubali kwa kinywa chake kwamba atakaa Jeddah miaka miwili.

Jioni ile nilipanda kwao, na chai haikunyweka. Nilimweleza Baba Rukia yote. Akasema lile lake.

"Mwalimu, wajua mwakani sisi..."

"Salim," mkewe akamkata. Sikupata kumsikia akimwita kwa jina mbele ya mtu. "Ngoja ngoja huumiza matumbo. Mtoto huyu wamwambia mwakani tangu hajaota meno. Sasa aomba miaka miwili ya kusoma, na weye wampa paa."

"Kawia ufike, Mama Rukia."

"Tufike wapi? Milango wapeleka kila mwaka. Nyumba ina milango mingi kuliko kuta!"

Ningecheka siku nyingine. Baba Rukia alivua kofia, akaiweka gotini, na ndipo nilipogundua kwamba nywele zake zimekwisha kuwa nyeupe.

"Mama yangu yu hai," akaniambia mimi, si mkewe. "Kila Ijumaa nampigia. Aniuliza waja lini, namwambia mwakani. Nikitia mkono kwenye karatasi hii ya miaka miwili, Ijumaa nimwambie nini? Nimwambie nimepanga kutokuja?"

Mimi niliyemtania kwenye ngazi za jengo lile kwa miaka sikuwa na utani uliobaki. Rukia ndiye aliyetoka chumbani, akakaa chini karibu na miguu ya baba yake.

"Mwambie nasomea dawa zake," akasema.

Baba Rukia aliivaa kofia yake, akainyoosha. Kisha akaniambia, "Miwili, Mwalimu. Baada ya hapo, wallahi, halas."

Darasa la kumi na moja Rukia alisoma mpaka macho yakaingia ndani. Asubuhi jiometri, mchana aljebra ya pili, na mara nyingine aliyachanganya akawa anapima pembe za milinganyo. Mwalimu wa kemia, Sitti Nadia kutoka Misri, mwanamke mkali aliyewahi kumfukuza darasani mkaguzi kwa kugusa chupa, alinijia akanong'ona, "Huyu wa upishi ulimficha wapi?" Nikamwambia hakufichwa, alikuwa anangoja paa. Hakuelewa, na sikumfafanulia.

Darasa la kumi na mbili lilianza vizuri. Halafu, muhula haujafika hata nusu, Baba Rukia akaja kugonga mlango wangu. Hakuwa na desturi ya kuja kwangu. Alisimama ngazini, mbali na kizingiti kama ilivyo adabu.

"Mwalimu," akasema, "twarudi."

"Mwakani," nikamjibu kwa mazoea, huku natabasamu.

"Mwezi wa kwanza."

Biashara zilikuwa zinakua siku zile, na zikikua kubwa zinameza ndogo. Kafili wake, yule mwenye kampuni aliyemdhamini kukaa nchini, alikuwa ameiuza kwa watu waliokuja na makarani wao. Ikama, kibali chake cha kuishi huko, haingefanywa upya. Walipewa karatasi ya kutoka kabisa, familia nzima, na tarehe iliangukia mwisho wa muhula wa kwanza. Alikwenda kumwomba kafili amwache hadi mitihani ya mwisho wa mwaka. Kafili alimpa kahawa, akamwombea dua, akamwambia mafi, hakuna namna, jambo limekwisha kutoka mikononi mwake.

"Nimesema mwakani miaka yote hiyo," Baba Rukia akaniambia. "Mwaka mmoja nilioomba nisirudi, ndio narudishwa. Hakuna namna, Mwalimu?"

Jamani, niliumia. Kama wangeondoka hivyo, Rukia angekuwa msichana wa miaka kumi na minane mwenye darasa la kumi na moja la mtaala usiojulikana na shule za nyumbani, bila cheti, na chuo kingemfungia mlango. Ilibaki nusu mwaka tu, na nusu mwaka hiyo ilikuwa ndiyo kila kitu.

Asubuhi niliketi mbele ya ubao. Nikaanza kwa kutoka. Cheti kilidai krediti kadhaa, na sehemu kubwa kati yake ilikuwa ya masomo ya kuchagua. Wasichana wetu huyaahirisha hayo. Darasa la kumi na mbili limejaa kuchora na upishi, ili wapumzike kidogo. Nikahesabu kadi nyeupe za Rukia. Nikahesabu tena. Upishi, biashara, biashara ya pili, kompyuta, kuchora, kushona. Alikuwa amezimaliza zote, na nyingine za ziada! Hakudaiwa hata kadi moja nyeupe. Alichobakiza duniani kilikuwa kemia ya pili, hisabati ya juu na Kiingereza, na nusu ya siku yake ilikuwa wazi. Yale masomo yanayoisha mwaka huu huu, niliyoyalaani kila nikipanda ngazi, ndiyo yaliyomwachia nafasi ya kusoma mwaka mzima ndani ya muhula mmoja. Nilicheka peke yangu ofisini mpaka mhudumu akaja kuchungulia.

Mudira, ndivyo tulivyomwita mkuu wa shule, mama wa Kilebanoni, hakucheka. Alisema mwaka ni mwaka. Nilimwambia mwaka ni vipindi na mtihani, na vipindi vyote mtoto atavikaa, mara mbili kwa siku, na mtihani wa mwisho ataufanya uleule, akifeli amefeli. Sitti Nadia alikuwa amekuja kunisindikiza. Alisema kwamba kama mtoto huyo hatapewa nafasi, basi na yeye mwaka wake unaishia mwezi wa kwanza. Mudira alimtazama, akanitazama mimi, akaomba kalamu.

Sitawaeleza miezi ile, maana mnajua kusoma kulivyo. Mama Rukia alifunga mizigo, akaacha meza moja tu isifungwe. Jengo zima lilijiwekea sheria ya kutompandia Rukia na maboksi ya dawa, na bibi wa Lamu alimeza vidonge vyake kwa kumtegemea Mungu. Rukia alifanya mitihani yake katika chumba cha Mudira, peke yake, na wasimamizi wawili kama waziri. Kemia alipita vizuri. Kiingereza pia. Hisabati alipita kwa kukwangua, na niliisahihisha mimi, kwa hiyo naomba msiniulize mara mbili, alipita kwa haki.

Siku waliyoondoka ilikuwa Jumatano, na mahafali ya shule yalikuwa bado miezi mitano. Tukamfanyia yake katika maabara ya kemia, kipindi cha mwisho, Mama Rukia amekaa kwenye kigoda kirefu kati ya chupa, analia tangu mlangoni. Joho tuliazima, likamburuta. Mudira akampa cheti. Wasichana wakapiga vigelegele mpaka Sitti Nadia akahofia vioo vyake.

Baba Rukia hakuwemo. Sehemu ya wasichana haikuingiwa na mwanamume, awe baba wa nani. Alikuwa nje ya lango, kwenye jua, na teksi iliyofungwa masanduku hadi juu ya paa. Mnajua desturi ya malango yetu: gari likifika, mlinzi hulitaja jina la msichana kwenye kipaza sauti, nalo husikika madarasa yote, naye msichana hujifunika akatoka. Tulikuwa bado tunakata keki wakati kipaza sauti kilipokoroma. Tukangoja sauti ya mlinzi, yule Myemeni wetu. Haikuwa yake. Ilikuwa sauti ya mtu asiyewahi kushika kipaza sauti, anayesimama mbali nacho kwa adabu, na ambaye mlinzi amemwachia aite mwenyewe, kwa kuwa binti yake amehitimu.

"Rukia binti Salim," ikasikika shule nzima, kwa Kiswahili. "Mwanangu. Toka, twende nyumbani."

Nilishindwa kujizuia, nikalia mbele ya wanafunzi wangu. Rukia alisimama na cheti mkononi, joho limemwishia chini ya miguu. Alikuwa mtoto wa Jeddah ambaye hajapata kuishi penginepo. Alipangusa meza ya maabara kwa kiganja chake, akakigeukia kipaza sauti kule ukutani, kisha akanigeukia mimi, anacheka na machozi yanamtiririka.

"Mwalimu," akasema, "leo kasema kweli."